Maji ya Kumwita Idarusi

Jumatatu, 6 Mei 1957

Idarusi, huna adabu. Nakusema hapa kwa sababu Mombasa huko maneno yangu hayafiki, na yakifika mkeo Asmahani huyasikia kwanza, kisha hukwambia mama hajambo. Mama ana jambo. Sikukuu imekuja, imepita. Watoto wa wenzangu wamejaa mabarazani. Wewe umeleta kopo la biskuti kwa dereva wa basi. Biskuti ngumu. Meno yangu unayajua yalipofikia.

Salamu zenyewe za mdomo. Dereva akasema Idarusi ana kazi nyingi, atakuja akipata nafasi. Nikamuuliza nafasi inauzwa duka gani huko Mombasa. Akacheka, akaomba maji ya kunywa.

Nimekaa barazani nikafikiri. Mwaka jana bomba la uani lilipasuka lenyewe, likaloanisha chumba. Idarusi akaja, akakaa siku tatu. Wakati wa vuli bati likavuja juu ya kabati. Akaja tena. Akalala, akala, akanisukia upya kamba za kitanda. Sikukuu haji. Nikiumwa mgongo haji, hutuma dawa ya kuchua. Maji yakiingia, huyo.

Sababu ni bima. Nyumba hii ya Ngamiani aliijenga marehemu baba yake, lakini karatasi zina jina la Idarusi. Kazini kwake humkata kidogo katika mshahara, ili maji yakiiharibu nyumba ofisi ya bima ilipe fundi. Na ofisi hailipi mpaka mwenye jina aje mwenyewe, asimame na karani, aone kwa macho, atie sahihi. Sheria nzuri sana. Sijui nani aliitunga, lakini alikuwa na mama.

Basi maji yataingia.

Jumanne, 7 Mei

Nimeanza na bati la ukumbini. Nimechukua ufito mrefu, nikalisukuma mpaka likaonesha mbingu. Shingo inaniuma hadi sasa.

Mwanamkasi, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, akachungulia juu ya ua. Yule kuchungulia ndiyo kazi yake, angelipwa angekuwa tajiri. Akauliza, Bi Mwamvua, vipi tena na ufito? Nikasema nafukuza kunguru. Akasema mbona hamwoni kunguru. Nikasema wamekwisha kwenda, ndiyo maana ya kufukuza.

Akaita, Sadalla, baba, njoo umsaidie Bi Mwamvua na kunguru wake. Sadalla ni mwanawe. Anakaa naye, na mke, na watoto, wamebanana humo kama dagaa kwenye kapu. Humtekea maji, humchua magoti kwa mafuta. Na mwanamke yule hawezi kusema maneno matatu asimtaje Sadalla. Ukimuuliza bei ya kisamvu, atakwambia Sadalla anakipenda.

Nikasema sihitaji msaada.

Kilichobaki ni mvua. Wiki iliyopita ilinyesha mpaka vyura wakaingia jikoni. Leo bati liko wazi, jua limeingia ukumbini limekaa kama mgeni wa heshima. Nimefunga sitta, zile siku sita za baada ya sikukuu. Kiu ninayo mimi, maji hayana habari.

Jumatano, 8 Mei

Mvua imenyesha. Raskazone. Sadalla amerudi kazini chapachapa, anasema huko Uzunguni imemwaga saa nzima. Huku kwetu hata vumbi halikutulia. Wazungu wana bomba kila chumba, mvua wanaitakia nini?

Nimekata shauri. Ndoo, kata, ukuta. Nikasema Bismillahi, nikaumwagia ukuta wa chumba cha Idarusi, kile alicholala tangu utotoni. Chokaa ikanywa. Nikaongeza, ikanywa. Adhuhuri ikafura kama shavu la mwenye jino bovu. Alasiri kipande kizima kikaanguka chini puu. Nikakishukuru.

Nimempa salamu muuza kahawa azipeleke ofisi ya bima mjini. Nimemwambia aseme hali ni mbaya. Akauliza ya nani. Nikamwambia ya ukuta, ya nani tena.

Alhamisi, 9 Mei

Kristofa, karani wa bima, amekuja kwa baiskeli. Kijana wa Lushoto, Mlutheri, mpole, soksi kazivuta mpaka magotini. Akasema shikamoo bibi. Nikasema marahaba, mbona umekonda hivyo, huko milimani hamli? Nikampa chai na kaimati. Mimi nimefunga, nikamtazama tu. Raha kumwona mtu akila nyumbani mwako. Aliposema ameshiba nikamwongezea.

Akauliza maji yametokana na nini. Nikajibu anavyojibu mtu aliyelelewa. Nikasema ni kudra ya Mwenyezi Mungu, mwanangu. Akaandika. Nikafurahi kuona karani wa siku hizi anaandika maneno ya maana.

Kisha akaugusa ukuta. Akatazama juu, akatazama chini. Akasema bibi, juu pakavu, chini pakavu, pamelowa katikati tu. Nikamwambia ni ukuta wa zamani, una tabia zake.

Akanipa mawaidha ambayo sikumwomba. Ati nyumba ikidai kwa ajili ya maji, ofisi huitia alama. Mara ya kwanza hulipa kwa moyo mweupe. Mara ya pili hulipa, lakini ada ya kila mwaka hupanda, na ya Idarusi imekwisha panda, amelalamika. Mara ya tatu ofisi huweza kuiacha nyumba moja kwa moja. Ati kidonda kidogo kama hiki mwenye busara huita fundi akapaka chokaa, akanyamaza, bima akaiwekea makubwa. Tena ofisi hulipa maji ya ghafla tu, si ya kuvuja polepole mtu akitazama.

Nikamwambia, kijana, sikukuita unifundishe kunyamaza. Kunyamaza nakujua, nashinda nako. Mwite mwenye jina.

Akasema atapiga simu Mombasa leo hii, ofisi kwa ofisi.

Nimeipenda simu. Siku zote nilikuwa siioni maana yake.

Ijumaa, 10 Mei

Godoro la sufi nimelianika, nimelipiga fimbo, nimelirudisha kitandani. Shuka nyeupe. Nimenunua samaki, changu mkubwa kuliko haja. Nimepika wali wa nazi, nikaonja kwa ncha ya ulimi, nikatema. Chumvi imekaa.

Mwanamkasi akaniona natoka. Akauliza naenda wapi na kanga mpya. Nikasema kununua sindano.

Basi la Mombasa likaja. Wakashuka wanawake na kuku wao. Akashuka mzee na cherehani. Kisha akashuka mtu mwenye mabega ya Idarusi. Nikamwita. Akageuka, si Idarusi. Nikamsalimia hivyo hivyo, nikamuuliza hali ya nyumbani kwao, asije akajua nimemkosea. Akanijibu vizuri. Mama yake yuko huku huku, ndiyo anakwenda kumwona.

Nikarudi. Kristofa yuko barazani, kofia mkononi. Akasema jibu limekuja. Ofisi kubwa imesema maji ya kudra ya Mungu hayalipwi. Ati imo katika karatasi zao tangu zamani: gharika, radi, tetemeko, na lolote lililo amri ya Mungu, kampuni haimo. Na kwa kuwa hailipi, hakuna cha kutiwa sahihi. Idarusi ameambiwa asijisumbue kuja.

Nimekaa chini.

Nikamuuliza Kristofa ni lipi duniani lisilo amri ya Mungu. Nikamwambia hata hiyo baiskeli yako haizunguki bila yeye. Akasema ni kweli, bibi, hata kanisani kwetu tunasema hivyo. Lakini ofisini wanataka bomba.

Samaki nimefuturu naye mwenyewe. Nusu. Nusu nimeifunika, basi la kesho nalo ni basi.

Jumamosi, 11 Mei

Basi la kesho limekuja, halina mtu wangu.

Mwanamkasi amekwisha pata habari. Akanishika barazani, akanieleza kwa upole wa kuudhi. Yeye nyumba yake ina bima hiyo hiyo, Sadalla aliiandikisha, na maji yalipomwingia mwaka juzi alisema bomba, akaishia hapo. Mungu hakumtaja hata kwa bahati mbaya. Akalipwa. Nikamwambia ndiyo maana uso wako hauna nuru. Akasema nuru haipaki chokaa, Bi Mwamvua. Nikaingia ndani.

Nimefikiri sana leo. Nikisema maji hayakuwa kudra ya Mungu, nimekufuru. Nikisema ni bomba, nimesema uongo, na mimi nimefunga. Nikisema ni mimi, ni aibu. Njia imebaki moja. Bomba lipasuke kweli.

Nikamwita Safari, fundi wa mabomba na vitasa na kila kinachokataa. Nikamwambia bomba la uani lina ugonjwa, alitazame vizuri, na nikamkonyeza ajue nataka nini. Safari hajui kukonyezwa. Akalikaza kwa spana mpaka akatoka jasho, akasema, bibi, bomba hili sasa litakuzika wewe, litawazika wajukuu.

Magharibi mtaa mzima umeambiwa kwamba Bi Mwamvua amemkonyeza Safari. Mkewe amepita mbele ya baraza yangu mara mbili bila kusalimu.

Jumapili, 12 Mei

Nimechukua mchi.

Pigo la kwanza bomba lililia kama kengele ya misheni. La pili likanicheka. La tatu nikamtaja Asmahani, likapasuka.

Sikujua bomba dogo linabeba maji mengi namna ile. Nilitaka ukuta, nimepata bahari. Yaliingia jikoni, yakaingia ukumbini, yakaingia chumba cha Idarusi. Kitanda kile ni kifupi cha miguu, godoro likalewa maji. Kopo la biskuti likatoka chini ya meza likaelea mpaka mlangoni, mwenyewe nikalipisha. Kisha yakapita chini ya ua, yakaingia kwa Mwanamkasi, kwenye gunia la mchele.

Sadalla akaruka ua. Akakimbia barabarani, akafunga bomba kubwa, akarudi, akaniinua kama mzigo wa kuni, akaniweka barazani. Mikono ya mtoto wa mtu. Nikamwambia niweke chini, nina miguu. Akasema tayari nimekuweka, bibi.

Mwanamkasi nilimngoja aje kunitukana. Maneno nilikuwa nayo tayari. Akaja, kanga kaipandisha magotini, akashika ncha moja ya mkeka wangu, akanipa nyingine, tukaukamua. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Kristofa alikuwa anatoka kanisani, akaona watu, akashuka baiskelini na suti yake. Akatoa kalamu papo hapo. Akauliza nini kimepasua bomba. Ulimi wangu ukaanza, ni kud... nikauuma. Na uongo siwezi, nimefunga. Nikasema kweli tupu. Nikasema, mchi.

Akaandika huku uso umemng'aa. Akasema, bibi, hili sasa litalipwa, hata kwetu Lushoto mizizi inatusumbua sana. Sikuelewa mizizi imeingiaje hapa. Sikumuuliza. Karani akifurahi usimkatize.

Akasema na mwenye nyumba lazima aje.

Jumanne, 14 Mei

Idarusi amekuja.

Amekuja na basi la asubuhi. Amepata mvi juu ya masikio. Hakuna aliyeniambia. Akanibusu mkono, akasema mama, umepungua. Nikasema nilifunga siku sita, nisipungue vipi.

Kristofa akaja kwa baiskeli. Wakaenda uani wote wawili, mimi nyuma yao. Akafungua karatasi akasoma kwa sauti: bomba limepasuliwa na mti. Akainua macho. Uani mwangu hakuna mti. Hakuna hata mchicha. Akazunguka nyuma ya choo, akarudi, akauliza, bibi, mti umekwenda wapi?

Ndipo nikajua. Mimi nilisema mchi, wa kinu, wa kutwangia. Yeye kasikia mti, wa mizizi.

Idarusi hakuuliza kitu. Yeye amelelewa na ulimi huu. Akakitazama kinu, akauchukua mchi ulioegemea ukutani, akapitisha kidole pale ulipobonyea. Akacheka. Akacheka mpaka akachutama, machozi yakamtoka. Nilikuwa sijamsikia kucheka hivyo tangu hajaoa.

Kisha akaacha kucheka, akabaki amechutama. Akasema, mama, ulinitaka?

Nikamwambia nani kakutaka. Maji ndiyo yaliyokutaka.

Kristofa ni mtoto wa watu. Akakunja karatasi. Akasema hataandika mchi, maana watu wa ofisi kubwa wataniita mahakamani. Ataandika kwamba dai limefutwa. Lakini kufutwa nako huhesabiwa. Ni mara ya tatu kwa maji, ule ukuta wa kudra haukuhesabiwa, na ofisi inaiacha nyumba. Na wala tusiende ofisi nyingine ya maji, maana huulizana wenyewe kwa wenyewe, na nyumba iliyoachwa na mmoja wengine huikimbia.

Idarusi hakukasirika. Angekasirika ningejua la kusema. Alipanda juu akarudisha bati la ukumbini, nikashika ngazi. Akaita Safari wakaziba bomba. Safari hakunitazama usoni. Kisha nikampakulia Idarusi, akala. Akaniambia Asmahani amenitengea chumba Mombasa, nyumba hii tuipangishe.

Nikamuuliza, na mtu akija hapa akanikosa?

Akauliza, mtu gani, mama?

Nikamwambia ale, samaki anapoa.

Akasema kesho ana kazi, basi la alasiri halimngoji. Akasema sasa bima haipo, kwa hiyo nisihangaike na maji, hayatamleta mtu. Atakuja akipata likizo. Sikumuuliza lini. Angesema tarehe ningeanza kuingoja, asiposema naingoja vilevile, lakini angalau si kwa ahadi yake.

Stesheni sikwenda. Nilimfikisha pembe ya mtaa tu. Nikamwambia nina shughuli zangu.

Jumatano, 15 Mei

Ukuta wa chumba chake unakauka. Godoro liko juani, lina harufu ya mbuzi. Nimeyala mabaki yake ya jana, yalikuwa kidogo.

Mwanamkasi amewadai bima mchele wake uliolowa. Atalipwa, lakini na yeye ada itapanda, kwa maji yangu. Amenieleza hayo juu ya ua, na Sadalla kamtaja mara sita. Nikamwambia ashukuru, amepata la kusimulia. Kisha nikampelekea kopo la biskuti, wajukuu zake wana meno.

Leo hakuna aliyebisha hodi. Nimekaa karibu na mlango, endapo.

Alhamisi, 16 Mei

Kristofa amekuja kuleta karatasi ya mwisho, ile ya kuachwa. Nimempa kaimati na chai ya tangawizi. Nikamngoja ajaze mdomo, mtu akijaza mdomo hawezi kukimbia. Nikamuuliza, mbali na maji, ni jambo gani jingine linalomlazimu mwenye jina kuja mwenyewe?

Akatafuna. Akasema iko ofisi nyingine mjini, haina shughuli na kuta wala mabomba. Yenyewe hutazama vilivyomo ndani: kabati, saa, vyombo, nguo. Ni bima ya wezi. Kikiibiwa kitu, mwenye jina huja mwenyewe kukieleza. Akasema wale hawaulizi habari za maji.

Nikamuuliza, na Mungu yumo katika karatasi zao?

Akasema la, bibi, wizi hawamhesabii Mungu.

Kumbe. Siku zote hizi nilikuwa nahangaika na jambo lisilofaa. Nimejifunza. Maji ndiyo yaliyokuwa kosa, si mimi.

Nikamwambia afute mikono aanze kuandika, jina ni lile lile, Idarusi. Akasema, bibi, usifanye. Nikamwongezea kaimati. Akaandika.

Nimempa muuza kahawa salamu za kupeleka: Safari, kesho asubuhi uje na bisibisi. Na mkeo mje naye, akae aone kwa macho yake hakuna anayekonyezwa. Ung'oe kitasa cha mlango wa mbele, komeo ulichukue uende nalo kwako, na ukitoka, mlango uuache wazi.